Kapteni wa Mawe Mawili

Baba yangu, Marhoun, alikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli maishani mwake, na rafiki huyo alikuwa maiti. Sisemi hivi kwa kumvunjia heshima. Yeye mwenyewe angekwambia hivyo hivyo kama ungemkuta nyumbani kwetu Ibra, Oman, baada ya sala ya alasiri, kanyoosha miguu juu ya mto, anasubiri mtu wa kumsikiliza. Rafiki yake alikuwa mwanajeshi wa Kipolandi, amezikwa katika makaburi ya kanisa kule bara, Tanganyika, kijiji cha Mgoli, mwendo wa siku nzima kwa lori kutoka Iringa. Jina lake hatukulijua. Baba alimwita Kapteni, nasi watoto tulimjua Kapteni kuliko tulivyowajua ami zetu wa Sinaw. Tulimpenda zaidi pia, maana Kapteni hakuja kukaa wiki tatu na kumaliza samli.

Nieleze kwanza habari za hao Wapolandi, kwa sababu binti yangu Lujain alipozisikia mara ya kwanza alidhani babu yake anatunga. Wakati wa vita vikuu vya pili watu hawa walitolewa makwao kwa nguvu, wakapelekwa Urusi kwenye baridi, wakatokea Uajemi, kisha Waingereza wakawapakia melini na kuwaleta Afrika Mashariki wakae makambini mpaka vita viishe. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Wanaume walikuwa wachache, wazee na askari waliokwisha vunjikavunjika. Kambi moja ilijengwa Mgoli, mbele ya duka la babu yangu, Mmanga wa Ibra aliyekuwa akiuza chumvi, uzi na mafuta ya taa. Bibi yangu alikuwa hajapata kuona Mzungu akijitwika ndoo. Alipowaona wanachota maji wenyewe, wanafua wenyewe na kulima vitunguu wenyewe, alisema serikali imeuziwa Wazungu bandia. Kisha akawapelekea mkungu wa ndizi, kwa kuwa watoto wao walikuwa mifupa mitupu.

Baba alikuwa na miaka kumi na moja. Kibaraza cha duka kilitazamana na mlango wa kanisa, na Wapolandi wana desturi ya kuwaaga maiti wao jeneza likiwa wazi. Mgoli hakukuwa na sinema, kwa hiyo Baba hakukosa maziko hata moja. Aliziona nyuso zote, akaona na kila mmoja analazwa wapi.

Kambi ilipofungwa Wapolandi wakaondoka, wakaacha kanisa, na nyuma yake makaburi thelathini ya watu wazima yenye misalaba ya mbao. Muuguzi wao mmoja alikuja dukani kabla ya kupanda lori, akamwomba babu jambo moja tu: awazuie mbuzi wasiingie makaburini. Mbuzi walikuwa wetu, hilo halina ubishi, na aliyekuwa akiwafungulia lango ili apate kulala kivulini alikuwa Baba. Babu akamwadhibu kwa kumpa ulinzi wa yale makaburi, adhabu ambayo hakuwahi kusema inaisha lini. Hivyo ndivyo Mwislamu wa ukoo wa Ibra alivyopata kazi kwenye makaburi ya kanisa.

Mwaka wa hamsini na nne mvua zilikuwa kubwa na mchwa wakawa wengi zaidi. Misalaba ikaanguka. Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, hajui herufi ila za Kurani, na zile za Wapolandi mchwa walikuwa wameshazisoma mpaka mwisho. Akaona haya mtu kulala bila alama yoyote. Akafanya alichofundishwa na babu. Kwetu Oman hatuandiki majina makaburini. Mwanamume huwekewa mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni. Mwanamke huwekewa matatu, la tatu husimamishwa katikati. Anayepita anajua kama anamsalimu bwana au bibi, na yaliyobaki ni baina ya maiti na Mola wake. Baba akabeba mawe kutoka mtoni kwa muda wa miezi miwili, akawapanga Wakatoliki thelathini kwa utaratibu wa Ibra, kila mmoja kwa alivyomkumbuka. Padri aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi aliyatazama mawe, akamtazama Baba, akaona bora asiulize.

Sasa Kapteni. Kaburi lake lilikuwa la mwisho, pembeni mwa ua, na Baba alilikumbuka kuliko yote kwa sababu wengine walizikwa na mashuka na nguo za msaada, ila huyu alizikwa na cheo. Kichwa kimenyolewa chote. Koti refu la jeshi lenye vifungo vya shaba. Buti. Na kifuani nishani nyekundu. Hiyo nishani tuliisikia utotoni mpaka tukawa tunagombania nani ataivaa kwenye mchezo.

Urafiki wenyewe ulianza kwa tumbaku. Babu akisikia harufu ya sigara alikuwa anatafuta fimbo kwanza, mkosaji baadaye, na mahali pekee duniani ambapo hangekanyaga kamwe ni makaburi ya kanisa. Basi Baba akawa anakwenda kukaa kwa Kapteni, anawasha sigara, na mtu hawezi kuvuta sigara kimya mbele ya mwenziwe. Akaanza kumsimulia mambo. Alimweleza habari za duka, za babu, za wasichana. Kapteni alikuwa msikivu, hakumkatiza hata mara moja, jambo ambalo Baba hakulipata kwa yeyote mwengine katika ukoo wetu.

Mwaka wa hamsini na saba wakamwoza mama yangu, Mabruka, mtoto wa mjini Unguja, aliyesoma, mwenye ulimi, aliyeshuka kwenye lori kule Mgoli akauliza mji uko wapi. Alikuwa amesimama katikati yake. Mama hajawasamehe watu wa bara kwa hilo mpaka leo, lakini liko jambo jengine ambalo hakumsamehe Baba, na hili si la mzaha. Mtoto wao wa kwanza, Khalifa, alikufa akiwa na miezi minne, mwezi wa nane mwaka wa hamsini na tisa. Baba alimbeba, akamzika, akarudi, akafungua duka. Hakutoa chozi. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye na nimekua nikilisikia neno hilo kila walipogombana, hata ugomvi ukiwa wa chumvi kuzidi kwenye mchuzi. Mama angemaliza kwa kusema, "Mtu gani wewe, mwanangu kafa umefungua duka," na Baba angetoka nje. Wakati huo nilikuwa upande wa Mama, nami nakiri kuwa niliona baba yangu hana moyo.

Mwaka wa sabini na mbili tukahamia Ibra. Baba akapata kazi ya stoo serikalini, na akaacha sigara. Alisema Ibra hakuna kaburi la Kikristo, avutie wapi?

Miaka thelathini ikapita hivyo. Alistaafu, magoti yakaharibika, hadithi za Kapteni zikarefuka. Kisha mwaka wa 2002 simu ikalia kutoka Iringa. Alikuwa Abdullatif, binamu yake Baba, aliyebaki kule anauza vipuri vya magari. Akasema Wapolandi wamerudi Mgoli kuweka majina kwenye makaburi ya watu wao. Orodha ya waliokufa wanayo, ila ile ramani ya nani kalala wapi imeliwa na mchwa. Wamekuta mawe, mengine mawili mawili, mengine matatu matatu, na hakuna anayejua maana yake. Mzee mmoja wa kanisa kawaambia wamtafute yule Mwarabu wa dukani. Bibi mmoja wa Kipolandi yuko njiani kuja Ibra.

Baba hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Alinyoa ndevu mara tatu. Mama naye akalitangaza Jumatano kwenye soko la wanawake, katikati ya wauza vitambaa na manukato: "Wazungu wanatoka kwao kuja kumuuliza bwana wangu habari za mawe. Hawakukosea, moyo wake ndiyo huo huo."

Bibi mwenyewe aliitwa Stefania. Alikuja na gari ya kukodi kutoka Maskati, mwanamke wa miaka sitini na sita, mrefu, mkavu, kofia ya majani kichwani. Kabla hajafika kwetu alikuwa ameshamsimamisha dereva kwenye makaburi ya pembezoni mwa mji, akashuka na jua lile, akasimama anatazama. Kisha ndipo akaja mlangoni kwetu.

"Hodi," akasema. "Mimi nimeona mawe. Mawe ya hapa ni ndugu ya mawe ya Mgoli."

Kiswahili alijifunza makambini na hakukitumia tangu alipoondoka Afrika akiwa na miaka kumi na minne, kwa hiyo alizungumza kitoto, sauti nzito ya bibi kizee na maneno ya mtoto wa shule. Lujain akaja akampa shikamoo, akajibiwa marahaba bila kusita. Binti yangu akanigeukia.

"Mama, hii mzungu anajua Kiswahili kuliko mimi, wallah."

"Hata mbuzi wa Mgoli walikuwa wanakushinda, mwanangu," mama yangu akamjibu. "Kawatie wageni kahawa."

Tukakaa majlisi, halua katikati. Bi Stefania hakuigusa. Alitueleza kwa maneno machache. Alikuwa na miaka minane alipolazwa hospitali ya kambini, yeye na mama yake, homa moja. Alipopona akaambiwa mama yake, Rozalia, ameshazikwa tangu siku tisa. Jioni ile ile wakampandisha lori pamoja na mayatima wengine, wakampeleka kambi nyengine mbali. Kaburi hakulitia machoni. Mwaka huu ndiyo amerudi Mgoli, akasimama katikati ya mawe yale asijue aelekee wapi.

"Sitaki kuchimba. Sitaki kitu," akasema. "Nataka kujua nisimame wapi."

Akafungua karatasi. Walikuwa wamehesabu. Kwenye orodha wanawake walikuwa kumi na tisa na wanaume kumi na mmoja. Jana yake, kwenye simu, Abdullatif alikuwa ameshamfafanulia, kwa alivyoambiwa na Baba, kuhusu mawe matatu na mawili. Sasa makaburi ya mawe matatu ni kumi na manane tu. Ya mawe mawili ni kumi na mawili.

"Mwanamke mmoja amepotea. Naogopa ni mama yangu."

"Hapotei mtu kwangu," Baba akasema. "Memori yangu ni fasti klasi, Bi Stefania. Mama yako alikuwaje?"

"Nywele ndefu. Njano. Msuko mpaka hapa."

Baba akafumba macho, akaanza. Alimtaja yule mwenye meno ya dhahabu, yule mnene ambaye kamba ilikatika wakati wa kumteremsha, yule aliyezikwa na mdoli wa mwanawe. Alitoka kaburi hadi kaburi, mstari kwa mstari, wanawake wote kumi na wanane, na kwa baadhi yao Bi Stefania aliandika jina pembeni kwa sababu aliwakumbuka. Mwenye msuko wa njano hakuwemo. Baba akarudia tangu mwanzo. Hakuwemo tena. Nilimwona yule bibi anakunja karatasi yake polepole, na uso wake ukawa wa mtu aliyekwisha jua kuwa safari yote ilikuwa bure. Nikaingiwa na hasira, na mimi hasira zangu hazingoji.

"Baba, hesabu zinakataa! Mwanamke mmoja hayupo na mwanamume mmoja amezidi. Mmoja wa wanaume wako ni mwanamke, khalas!"

"La hasha! Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, siyo mtoto. Najua mwanamume na najua mwanamke!"

"Uliyaona maziko ukiwa na miaka kumi na miwili."

"Wataje basi wanaume," Mama akasema kutoka kwenye mto wake. "Si unajua kila kitu?"

Akawataja kwa kisirani. Kiwete wa bastola, aliyekuwa askari. Kipofu wa kinanda, askari pia. Mzee mwenye kiatu kimoja. Bi Stefania aliwatia alama mmoja mmoja, kumi na mmoja, orodha ikaisha.

"Na wa kumi na mbili ni Kapteni," Baba akamalizia, na sauti ikalainika.

"Kapteni hakuna. Askari walikuwa wawili, umeshawataja."

"Yuko! Kaburi la pembeni, kwenye ua. Kichwa kimenyolewa, koti la jeshi mpaka magotini, vifungo vya shaba, buti..."

Bi Stefania aliweka mkono kichwani mwake, juu ya nywele zake nyeupe, kama anahakikisha zipo.

"Kunyolewa," akasema. "Na mimi walininyoa. Homa ile, wote walinyolewa."

Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma.

"Koti," akaendelea. "Sisi tulikuwa na koti la baba. Baba alikufa Urusi. Mama alilivaa, usiku tulijifunika. Hilo koti lilikuwa na nini tena?"

"Nishani," Baba akasema, lakini sasa polepole. "Hapa kifuani. Nyekundu."

"Kubwa?"

"Ndogo. Duara. Ina..." Nilimwona anaitazama ile nishani kwa mara ya kwanza tangu utoto wake. "Ina matundu mawili."

"Nishani gani ina matundu, Marhoun?" Mama akauliza.

"Kifungo," akasema Bi Stefania. "Kifungo cha shaba kilipotea. Nikashona cha gauni langu. Mimi nilishona. Mama alicheka, akasema sasa koti ni zuri." Akalia hapo hapo, mdomo wazi, bila kuficha uso, na mimi nikalia, na Lujain akalia huku birika la kahawa liko mkononi.

Baba hakulia. Alikuwa amepauka. Akainuka kwa magoti yake mabovu, akakaa, akainuka tena.

"Astaghfirullah," akasema. "Miaka kumi na minane navuta sigara mbele ya mama wa mtu."

Na alimaanisha. Kwetu mtu mzima akivuta sigara huificha nyuma ya mgongo, mama wa rafiki yake anapopita. Bi Stefania akajifuta pua.

"Mama alivuta pia," akasema. "Sana."

"Na maneno niliyomwambia! Ya kiume!"

"Maneno gani?"

Hapo Baba angeweza kunyamaza. Lakini aliona anadaiwa na yule bibi maelezo kamili, akatoa kila kitu, kichwa chini, kama mtu anayetoa ushahidi. Alimwambia Kapteni kuwa babu ni katili. Alimwambia kuhusu msichana wa mjane wa mtoni. Alimwambia kuwa wanamletea mke wa Unguja, anasoma magazeti, na inasemekana ana ulimi mkali na miguu mikubwa.

"Miguu?" akasema Mama.

"Ndivyo nilivyoambiwa, Mabruka."

"Na ulipoiona ukamwambia nini huyo Kapteni wako?"

"Nikamwambia wamesema kweli."

Bi Stefania alicheka katikati ya machozi, na Mama akaivuta miguu yake ndani ya nguo. Nikadhani yamekwisha. Baba akawa anaichezea kofia yake.

"Na alipokufa Khalifa," akasema, "nilikwenda pale kila siku baada ya kufunga duka. Pale nililia. Nililia kwa sauti, Bi Stefania, samahani, nilimshika shika mama yako lile jiwe la kichwani. Sikuwa na pengine pa kwenda."

Sikuthubutu kumtazama Mama. Alichukua kijiko cha halua, akakirudisha siniani bila kula.

Tulipokwisha swali magharibi, Baba alitaka kwenda Mgoli kesho yake. Alisema kaburi halina jiwe la katikati, amemnyima bibi wa watu jiwe lake miaka karibu hamsini, na atalisimamisha kwa mkono wake. Tulimwonesha magoti yake. Alitoa hoja kwamba magoti si ya kusafiria. Mama ndiye aliyemaliza mabishano. Alitoka nje na tochi pamoja na Lujain, wakaenda mpaka kando ya falaji, mfereji wa maji wa mji, wakarudi na jiwe jeusi, urefu wa dhiraa, Lujain amelikumbatia na kuhema. Mama akalisafisha mwenyewe kwa sabuni ya vyombo, akalifunga ndani ya leso yake ya Unguja.

"Mpelekee mama yako," akamwambia Bi Stefania. "La katikati. Na usimwache dereva alitie chini ya miguu."

Yule bibi alilipakata jiwe lile mpaka Maskati. Huko uwanja wa ndege, tulisikia baadaye, walimfungulia mzigo mara mbili, na kila mara akawaambia ni mama yake.

Picha ilifika mwezi wa nne. Kaburi la pembeni, ua mpya, mawe mawili ya kijivu na katikati jiwe jeusi la Ibra, limekwenda upande kidogo. Jina la Rozalia limeandikwa kwenye kibao kidogo. Nyuma ya picha Bi Stefania aliandika kuwa alisimama pale siku nzima na alivuta sigara moja. Baba aliibandika picha hiyo majlisini, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa, na anaendelea kumwita Kapteni. Anasema cheo hakivuliwi kwa sababu ya nguo.

Siku ile ya picha, wageni walipoondoka, nilikuwa nakusanya vikombe. Mama alikuwa ameishika picha karibu na macho, miwani imemshuka.

"Ulilia siku ngapi?" akauliza bila kugeuka.

Baba alifikiri. "Mpaka mvua zilipoanza."

Mvua za Mgoli huanza mwezi wa kumi na mbili. Mama alihesabu kwa vidole juu ya paja, tangu mwezi wa nane, akafika, akarudia kuhesabu.

"Miezi minne. Umri wake."

"Ndiyo."

"Na mimi nipo ndani nalia peke yangu, ukuta kwa ukuta na duka. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka, Mabruka."

Mama aliirudisha picha ukutani, akainyoosha. "Ningekucheka," akasema. Kisha akaja akakaa upande wake wa mto, pale ambapo sikumbuki kumwona akikaa tangu nizaliwe, akamwambia asogeze hayo magoti.